Milio Mitatu ya Ekzosi ya Shemeji

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu milio iliyosikika njia panda ya zahanati, tarehe 15 mwezi huu

Jina: Sikio. Jina la kitambulisho limo kwenye daftari la kituo.
Umri: Miaka 53
Kazi: Fundi pikipiki
Makazi: Nyumba ya tatu nyuma ya mashine ya kusaga
Uhusiano na mtuhumiwa: Ni shemeji yangu, amemwoa dada yangu mdogo.
Yamechukuliwa: Tarehe 16, kuanzia saa 4:05 asubuhi, chumba namba 2

Nimeonywa kwamba niseme kweli tupu na kwamba nikidanganya ninaweza kushtakiwa. Nimeelewa. Sijalazimishwa na mtu, ila dada yangu yuko nje kwenye benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi na kila nikiinua macho namwona dirishani.

Mimi ni fundi wa pikipiki kwa mwaka wa ishirini na nane sasa. Banda langu la mabati liko kando ya mashine ya kusaga, juu ya mteremko unaoshuka hadi njia panda ya zahanati. Naitwa Sikio kwa sababu injini naituni kwa kusikiliza. Mafundi wengine wana vipimo, mimi nina hili la kulia. Mtu akipita barabarani na pikipiki niliyoigusa, naijua nikiwa ndani nakunywa chai. Afande ameniambia nisijisifu. Sijisifu, naeleza kazi, na jina hilo sikujipa mwenyewe.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumatatu, saa 9:30 alasiri, shemeji alifika bandani na pikipiki yake, na boksi amelifunga kwenye kiti cha nyuma. Ndani mlikuwa na ekzosi mpya, ile fupi yenye mdomo mpana ambayo vijana huifunga ili mtaa mzima ujue wamerudi. Shemeji ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi. Ni mtu anayepiga pasi leso, na akipiga chafya anaomba radhi mara mbili. Nikamcheka. Nikamwambia, "Shemeji, umeanza ujana upya? Dada anajua?"

Akasema, "Gari hazinisikii, shemeji. Wiki iliyopita lori limenisukuma mtaroni na dereva hakujua hata kama nipo. Nataka wanisikie tu."

Kicheko kilikatika hapo hapo. Nilikuwa sijui habari za mtaro. Nikaanza kazi.

Afande ameniuliza kazi yenyewe inakwendaje, na ameniomba niieleze kama kwa mtu asiyejua. Ekzosi ya zamani huubana moshi. Hii mpya inauachia upite wazi, na injini ikishapumua hivyo inaingiza hewa nyingi kuliko petroli. Usipoirekebisha, inapata moto, inakohoa, na ukiachia mkono wa mafuta kwenye mteremko inapiga fataki. Kwa hiyo unafungua kabureta, unaweka jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, kubwa zaidi kwa namba moja, kisha unatumia bisibisi ndogo kuizungusha skrubu ya mchanganyiko mpaka mlio utulie. Mwisho unachomoa plagi kuiangalia. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo. Ikiwa nyeusi, imezidi. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, unanawa mikono.

Kuna kitu kingine. Pale bomba la ekzosi linapoingia kwenye injini hukaa pete ya shaba, ndogo kama kifuniko cha chupa ya soda kilichotobolewa katikati. Ndiyo inayoziba ili hewa isivujie hapo. Ya zamani inatupwa, inawekwa mpya. Bandani kwangu chini ni mchanga na vumbi la mbao, na kidude kama hicho kikianguka hukioni tena. Kwa hiyo nina desturi: nikiitoa pete kwenye karatasi yake naipitisha kwenye kamba ya miwani yangu, inaning'inia kifuani mpaka zamu yake ifike. Sijawahi kupoteza pete.

Nilipokuwa nimefungua ekzosi ya zamani, shemeji alisema anataka kurudi nayo nyumbani, hapendi kutupa vitu. Nikaingia ndani kumtafutia gunia. Niliporudi nilimkuta amechuchumaa, amelishika bomba jipya mahali pake kwa mikono miwili, shati jeupe limeshapata grisi. Akaniuliza, "Hivi ndivyo?" Nikamwambia, "Hivyo hivyo, mwalimu, usitikisike," nikafunga nati mbili. Pete, bomba, nati, kwa mpangilio huo, kama siku zote.

Saa 11:10 jioni nilianza kutuni. Hapa ndipo pananichanganya, na nimekwisha kumwambia afande. Skrubu ile kwa aina hii ya pikipiki inataka mizunguko miwili. Safari hii iliniomba miwili na nusu, na bado mlio ukawa na kama mtu anayenong'ona pembeni, fsss, fsss. Nikadhani ni pampu ya upepo ya jirani yangu wa matairi. Nikazidisha kidogo, mlio ukatulia. Plagi ikatoka rangi ya chai. Kwa kawaida huiendesha mwenyewe mpaka chini ya mteremko na kurudi, injini ikiwa ya moto. Siku hiyo shemeji alikuwa na mitihani ya kusahihisha, nikaishia kuizungusha uwanjani mara tatu. Akafunga gunia lake nyuma ya kiti, akaondoka saa 12 kasoro. Nilisimama kumsikiliza mpaka alipokata kona. Nilifurahi, sitaficha. Ilikuwa na sauti nzito, safi, ya mtu mzima.

Mnamo tarehe 15, Jumanne, saa 1:10 asubuhi, nilikuwa nafungua banda. Kina mama kama kumi na mbili walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao pale kwenye mashine. Nilisikia kutoka njia panda milio mitatu. Miwili ilifuatana, wa tatu ukachelewa. Ilikuwa mikali. Wote kwenye foleni wakanigeukia mimi, kwa sababu ndivyo walivyozoea, hata redio zao zikikoroma huniletea nisikilize.

Nikasema, "Hizo ni risasi."

Nilisema hivyo mimi. Naomba liandikwe kama nilivyolisema, afande, usilipunguze. Sikusema nadhani. Mmoja akarudia, "Sikio amesema ni risasi," na baada ya hapo ndoo zilibaki zenyewe. Watu walikimbia juu, neno likafika chini, nao waliokuwa huko wakakimbia kila upande. Baadaye nikasikia kwamba pale njia panda mama anayeuza viatu vya mtumba aliangushwa na kukanyagwa, mkono umevunjika juu ya kiwiko. Nikasikia pia kwamba mtu mwenye pikipiki amekamatwa na wananchi, na nyuma yake alikuwa na bomba jeusi ndani ya gunia. Nilimlaani mtu huyo kwa sauti. Mke wangu ni shahidi.

Saa 3:20 asubuhi dada yangu alikuja akikimbia, kiatu kimoja mkononi. Akasema, "Kaka, wamemkamata mume wangu, wanasema amepiga bunduki." Nilimwambia aache utani. Sikujua kama nicheke au nikae chini, nikakaa chini.

Hapo akili yangu iligoma. Mwalimu yule akiona panya hufungua mlango ili atoke mwenyewe. Bunduki ataitoa wapi? Lakini milio niliisikia kwa sikio langu. Na kama haikuwa bunduki basi ilikuwa pikipiki, na pikipiki nimeituni mimi, na pikipiki niliyoituni mimi haipigi fataki. Nilizunguka na mambo hayo matatu siku nzima. Kila nikishika mawili, la tatu linaniponyoka.

Jana hiyo hiyo saa 9 alasiri niliitwa hapa kituoni. Askari waliiwasha pikipiki uani mbele yangu. Ikanguruma vizuri, imeshiba, imetulia. Wakaivutia mafuta, wakaachia, haikukohoa hata mara moja. Afande akaniuliza kama injini ile ina kasoro. Nikasema haina. Akaniambia, "Basi mzee, umetusaidia. Injini ni nzima, na wewe mwenyewe uliwaambia watu ni risasi. Silaha tutaitafuta." Nilitoka nje, dada akaniuliza, "Umewaambiaje?" Nikampita, nikashika njia ya nyumbani. Kazi ya shemeji inaondoka, na miaka mingapi ya jela sijui, na ushahidi wote uliopo umetoka mdomoni mwangu.

Jioni dada alikuja nyumbani. Akasema, "Kaka, sema tu uliituni vibaya. Neno moja. Jina lako litauma wiki mbili, watu watasahau." Nikamwambia siwezi kudanganya polisi juu ya kazi yangu. Akasema, "Kazi yako? Mume wangu amelala sakafuni na wewe unaniambia kazi yako?" Akaenda zake bila kuaga. Nilipokuwa navua ovaroli mke wangu naye akaniambia, "Baba watoto, siku hizi unavaa na kidani?" Ananitania sana kuhusu ile kamba ya miwani, anasema inanifanya nifanane na bibi wa kanisani. Nikamjibu vibaya, nikaenda kulala bila kula.

Leo saa 4:05 nimekuja na uamuzi wa kusema yale yale: kwamba kazi niliifanya sawasawa na kwamba sielewi. Nimeyasema, yameandikwa hapo juu. Saa 5:15 afande alimaliza kuandika, akanisogezea karatasi niisome kabla ya kusaini. Nikaivuta miwani. Ilikuwa imegeukia mgongoni, ndani ya kola ya ovaroli. Nikavuta kamba, na kitu kikateleza kutoka kisogoni, kikazunguka shingo, kikagonga meza.

Afande akauliza, "Hiyo ni nini?"

Niliishika nikaigeuza. Pete mpya ya shaba haina alama hata moja, inang'aa. Iliyokwisha kufungwa huwa imebanwa bapa na imeungua. Hii inang'aa.

Naomba yaongezwe haya. Pale juu nimesema pete, bomba, nati. Nilisema kwa mazoea, kwa sababu ndivyo ninavyofanya, na nilikuwa tayari kuapa. Kweli ni kwamba nilikwenda kutafuta gunia, nikarudi nikakuta bomba liko mahali pake, na nikiona bomba liko mahali pake mikono yangu inakwenda kwenye nati. Pete ya zamani niliitupa. Mpya nilikuwa nimeivaa. Nimetembea nayo siku mbili, nimelala nayo, nimekuja nayo jana uani na kusema injini haina kasoro. Ile fsss haikuwa pampu ya jirani. Ilikuwa inavujia chini ya pua yangu, na mimi nikaizidishia petroli mpaka nisiisikie. Uani haiwezi kulipuka kwa sababu imesimama na imepoa. Ipasheni moto, mshuke nayo ule mteremko, mwachie mafuta kabla ya njia panda.

Shemeji hakupiga bunduki. Lililokuwa kwenye gunia ni ekzosi yake ya zamani, ambayo naona hakuishusha usiku ule kwa ajili ya mitihani, na gunia ni langu. Kuhusu mkono wa yule mama, siwezi kusema ni juu ya mtu mwingine. Milio ilitoka kwenye kazi yangu, na neno risasi lilitoka kwangu. Naona aibu kubwa, na nimefurahi, na sijui kipi kianze.

Hayo ndiyo niliyokuja nayo, pamoja na hili ambalo sikujua kwamba nimekuja nalo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (amesaini)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi kwa sauti, kwa kuwa alisema miwani ina ukungu. Pete moja ya shaba, mpya, imepokelewa kuwa kielelezo. Saa 6:30 mchana pikipiki ilipashwa moto na kuteremshwa na askari hadi njia panda ya zahanati, shahidi na dada yake wakiwepo. Mafuta yalipoachiwa ilisikika milio miwili iliyofuatana, kisha mmoja. Mlinzi wa zahanati alijilaza chini. Mtuhumiwa ameachiwa saa 8:00 mchana. Shahidi ameomba airudishe pete mahali pake kabla pikipiki haijaondoka. Amejulishwa kwamba kielelezo hakitoki, akaenda kununua nyingine. Kabla ya hapo aliulizwa, kwa ajili ya kumbukumbu, kama milio aliyoisikia leo ndiyo ile ile ya jana. Alijibu kwamba waulizwe wengine waliokuwepo.