Mstari Ulionyooka

Dada yangu,

Mama anakula vizuri, na mlango wa jikoni nimeshautengeneza. Umeuliza tena kama mumeo aliteseka. Hapana, feni ya kiwandani ilipasuka ghafla, akafa papo hapo.

Asubuhi ile aliniuliza, "Shemeji, niiache izunguke?" Nikatazama kiboksi kinachorekodi mtetemo wake, nikaona mstari umenyooka, nikamwambia aiache.

Kiboksi nilikiseti mimi, kisome kihisi kilichobandikwa kwenye feni mara moja tu kwa sekunde, kumbukumbu yake isijae upesi. Mtetemo wa kasi ukichunguliwa kwa nadra hivyo huweza kuonekana umetulia. Jana nilikiseti mara elfu kwa sekunde kwenye feni nyingine nzee kama ile, na mstari ukawa meno ya msumeno.

Ofisini wameandika kwamba chuma cha feni kilikuwa kibovu. Wanao wakipiga simu wananiita mjomba, na mimi naitika.

Mdogo wako