Sahihi Niliyomkabidhi Owino

Dada yangu Adhiambo,

Natumaini barua hii itakukuta hapo Migori nyuma ya kaunta yako ya mbegu na dawa za mifugo, ukibishana na wateja kama kawaida yako. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha? Huku Doha mimi ni mzima. Uso tu ndio sijui niuweke wapi, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningeanza kujitetea.

Unajua nilivyomwandikia Owino, binamu yetu, hati ya uwakilishi ili aweke sahihi kwa niaba yangu. Nilitaka apangishe ile ploti yangu ya Migori mjini, basi. Yeye ndiye aliyeitayarisha akaituma. Niliichukua siku ya mapumziko nikaenda nayo kwa wakili wa hapa, nikaangalia ukurasa wa kwanza, nikatia sahihi kwenye wa nne. Ukurasa wa tatu ulisema anaweza kuuza, kukodisha au kuweka rehani ardhi yangu yote, popote ilipo. Sikuusoma. Nilikuwa na haraka ya kurudi kulala, dada, huo ndio ukweli.

Wewe ulinipigia wiki ileile. Uliniuliza, "Umesoma hiyo makaratasi yote?" Nikakujibu kwamba mimi si mtoto wa shule. Ukauliza mbona nisikupe wewe, uliye hapo hapo Migori. Nikasema, "Adhiambo, wewe umeshaolewa, umeshakuwa wa kwa watu. Mambo ya boma tuachie sisi." Wewe ukaniuliza tu kama huku kuna joto. Maneno hayo nayasikia kila nikiingia kazini, na kila mara natamani ardhi ipasuke nizame.

Wakati ule nilisahau kabisa ni nani aliyenipa hiyo ardhi ya boma. Baba alipofariki, wewe ndiye uliyesimama mbele ya wazee pale nyumbani karibu na Asumbi ukasema shamba liandikwe jina langu peke yangu, hutaki ugomvi. Nililichukua kama haki yangu, hata asante sikusema.

Halafu Owino akamleta saveya, mpima ardhi, na vigingi vyake pale bomani. Mama amenisimulia yote. Anasema alitoa kiti cha jikoni, akakiweka kando ya kaburi la Baba, akakaa hapo mpaka yule mtu akafunga vyombo vyake. Kisha akakupigia wewe. Hakunipigia mimi, mwenye shamba.

Nilipompigia Owino kwa hasira, hata hakubabaika. "Ndugu yangu, mimi nafanya tu yale uliandika. Mnunuzi wa shamba amepatikana, kwa pesa hizo utarudi ukute lori mbili ziko barabarani na jina lako." Nikamwambia aache mara moja. Akacheka, akasema hati haifutwi na simu. Inaniuma kwamba alisema kweli. Wakili wa hapa amenieleza kwamba lazima nifute kwa maandishi na ufutaji huo usajiliwe kule hati ya kwanza iliposajiliwa, la sivyo ofisi itaendelea kuamini sahihi ya Owino.

Na kumbe wakati mimi napiga kelele huku, wewe ulikuwa umeshamwachia shemeji duka ukaenda ofisi ya ardhi Homa Bay kuweka zuio shamba lisiuzwe. Mama anasema ulirudishwa mara mbili, mara ya tatu ukawaambia, "Mimi ni mtoto wa hiyo boma, siondoki hapa." Nilipolisikia hilo nililia, nyaminwa, dada yangu. Nililia chooni ili wenzangu wasinione.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi mbili. Ya kwanza inamfuta Owino. Tafadhali isajili, na nakala umpe mkononi mbele ya wazee. Ya pili ni hati mpya yenye jina lako, nayo ni fupi. Inakuruhusu mambo mawili tu: kuzuia shamba la nyumbani lisiuzwe, na kwenda kuongeza jina lako na la Mama kando ya langu. Kuuza hakumo. Hata nikikupigia mwenyewe nikikuomba uuze, nikatalie. Ukiona huwezi kunibebea mzigo huu baada ya nilivyokuambia, irudishe tu. Sitauliza kwa nini.

Mwambie Mama kiti akirudishe jikoni. Msalimu shemeji aliyekaa dukani peke yake siku zile zote, na yule jirani wa Mama aliyempelekea uji pale kaburini. Owino msimtukane. Hati aliitayarisha yeye, lakini sahihi ilikuwa yangu.

Uliniuliza kama nimesoma yote. Hii hati yako mpya nimeisoma yote, Adhiambo. Nimeisoma mara tatu, nikitafuta kama pana mahali panapokuita wa kwa watu ili nipafute.

Mimi mdogo wako,
Odhiambo