Kiti cha Bure

Mafubira, Jinja
Jumapili jioni

Kwako ndugu yangu Wangila,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, wewe na mama watoto na wote walio nyumbani kwako hapo Busiu. Goti lako linaendeleaje? Na mahindi, mmeshavuna au mvua bado inawachezea? Mimi ni mzima kabisa, nalala vizuri na kula vizuri, ingawa najipikia mwenyewe, na utaelewa kwa nini. Ningekupigia simu, lakini wewe simu yako unaiweka spika mpaka wauza ndizi wa barabarani wanachangia mazungumzo, na haya nataka uyasome peke yako. Nampa Ibra, anayeendesha teksi ya Mbale, akuletee mkononi.

Ndugu yangu, mimi sasa ni babu. Mke wa Arnold, mwanangu aliye Johannesburg, amejifungua mtoto wa kike mwenye nywele nyingi utadhani kazaliwa na kofia. Arnold amekataa kumpa jina la Kiacholi. Anasema jina hilo litatolewa na babu mwenyewe, akiwa amempakata mtoto, si kwa simu. Tangu nisikie hivyo sikai kitini. Natembea uani nikijaribu majina kwa sauti, na majirani wanadhani uzee umeniingia vibaya.

Unajua Phiona wangu ameajiriwa na shirika la ndege pale Entebbe. Kumbe wafanyakazi wao wana haki moja tamu sana: wazazi wao wanapanda ndege bure, wanalipa kodi kidogo tu. Niliposikia neno bure nilimwambia Margret afunge mabegi. Phiona akatuomba tutulie, maana bure hiyo ina masharti. Mwenye ndege ni aliyenunua tiketi. Sisi ni abiria wa kusubiri: tunakaa pembeni mpaka wote waingie, na viti vikibaki tunaitwa. Visipobaki tunarudi tulikotoka, tena bila kunung'unika, kwa sababu mzazi akileta fujo, anayenyang'anywa haki ni mtoto. Akasema pia tuvae nadhifu na tusimtangazie mtu safari.

Hilo la mwisho lilikuwa limechelewa. Margret alikuwa ameshatangaza kanisani. Kina mama walipika, mchungaji akatuwekea mikono, na kwaya ikatusindikiza mpaka barabara kuu. Kesho yake tukarudi na mabegi yetu, na yale malewa yenu, machipukizi ya mianzi uliyotutumia, yakiwa bado ndani, kwa sababu ndege ilijaa pomoni. Mafubira nzima ilitupa pole huku ikiuma midomo isicheke. Kagoya, jirani yangu muuza mkaa, aliniuliza kama siku hizi Johannesburg iko hapo jirani, Lugazi.

Mara ya pili tuliondoka kimya kama wezi. Nilivaa suti ya harusi ya Arnold, nikapiga viatu rangi mpaka vikang'aa. Pale tulipoketi kusubiri nikagundua jambo lililonifurahisha: majina yao yanapangwa kwa muda wa kazi. Mzazi wa mfanyakazi wa zamani anaitwa kabla ya mzazi wa mfanyakazi mpya. Nikamwambia Margret hili ni jeshi kabisa, wangeniuliza ningewasaidia kuliendesha. Akaniambia ninyamaze nisimponze mtoto.

Abiria wakaingia mpaka wakaisha. Moyo ulinidunda kama kijana anayekwenda kuposa. Likaitwa jina la Margret. Mke wangu siku zote alisema tutakwenda wote au hatuendi kabisa, lakini alinyakua mkoba wake na kupotea kwenye ule mlango bila hata kugeuka. Nilicheka mpaka machozi. Mimi sikuingia. Kiti cha mwisho kilikwenda kwa mtu mwingine, nami nikarudi Jinja peke yangu.

Margret alifika salama. Ananipigia kila siku kunieleza jinsi mtoto anavyopiga miayo, na jinsi mkwe wetu alivyokula malewa akaomba tena. Ila kila akimaliza hayo anamlaumu Phiona, kwamba binti mzima wa shirika ameshindwa kumtafutia baba yake kiti kimoja. Nami namwitikia tu, ndiyo, watu wa ndege hawana huruma. Phiona hakuwa zamuni siku ile, kwa hiyo hakujua kilichotokea. Aibu imenila sana, Wangila.

Ukweli ni kwamba jina langu liliitwa, mara mbili, kwa sauti. Nikasimama, nikachukua begi, na nilipogeuka nikamwona mzee aliyeketi nyuma yangu tangu mchana. Alikuwa Afande Adrisi. Kapteni wetu, yule yule aliyekunyima ruhusa ya kwenda harusi ya dada yako kwa sababu ya kifungo kimoja cha shati. Sasa anatembea na fimbo, na masikio yake yamekuwa mazito. Mwanawe ameajiriwa juzi tu, kwa hiyo kwenye orodha alikuwa chini yangu. Ningependa kukuambia nilimhurumia, lakini sikumhurumia. Visigino viligongana vyenyewe, mkono ukapanda, na mdomo ukasema atangulie yeye. Askari hapiti mlangoni mbele ya kapteni wake. Binti wa kaunta aliniuliza kama nina hakika, nikamjibu ndiyo afande. Akaliita jina la mzee. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jana nimemwambia Phiona yote. Alicheka sana, akaniambia pale si kambini. Amesema ndege ya Jumanne ina viti vingi vitupu. Naondoka kesho, na safari hii hata jenerali akitokea nitatazama ukutani. Margret nitamweleza mwenyewe nikiwa nimempakata mjukuu, maana hawezi kunipiga nikiwa na mtoto mkononi.

Limebaki moja, na ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Kabla ya kuingia ndegeni, Afande alinishika bega, akanitazama usoni kwa muda. Akasema yeye hasahau askari wake hata mmoja, na kwamba alijua tangu zamani kuwa Wangila ana moyo mzuri. Akauliza kama bado nakaa Busiu. Nilikuwa bado nimesimama wima, nikasema ndiyo afande. Akaahidi akirudi atakuja nyumbani kwangu kunishukuru, na hatakuja mikono mitupu. Najua uliapa kwamba mtu huyo hatakunywa hata maji yako. Lakini Phiona ameniambia amesharudi tangu Ijumaa, ndugu yangu, basi mwambie mama watoto aweke chai, na wewe upokee shukrani zako.

Mwenyezi Mungu awatunze. Wasalimie wote, na uniombee Jumanne.

Ni mimi mwenzako wa tangu kambini,
Ojok