Neno "Retain" Katika Barua ya Mume Wangu

Mpuguso, Jumanne

Kumbe hajafukuzwa! Siku mbili zote Baba Tusekile alikuwa anatuaga bure.

Barua ilitoka kwa wenye kiwanda wapya. Tangu kiwanda cha chai kiuzwe, wenzake wengi wamepunguzwa. Basi alipoona "retain" akasema ndiyo "retire" hiyo hiyo, kustaafishwa, wameiandika kwa adabu. Akaacha kula. Jana akamwita kaka yake, akamwomba awatazame wanangu, kana kwamba anakufa.

Leo nimeichukua barua kimya kimya, nikampelekea mwalimu wa Kiingereza. Akacheka.

"Mama, retain ni kubaki na kitu ulichonacho, usikiachie. Wanambakiza kazini."

"Ndaga fijo, asante sana, mwalimu," nikasema, nikalia mbele ya wanafunzi wake.

Nilipomweleza mume wangu, akadai alijua tangu mwanzo! Akala sahani mbili za ndizi.

Namwonea huruma jirani yangu. Barua ya mumewe ilikuwa ya Kiswahili, ikaeleweka mara moja.

"Na wewe, Mama Tusekile," mume wangu akaniuliza kwa maringo baada ya kula, "utaniretain?"

Nikamwambia alete maombi kwa maandishi.