Nywele za Afisa

Jumapili, 12 Januari 2025
Mwanangu Nouf kaleta kazi nyumbani. Yake mwenyewe, ya kwanza! Binti wa Ghubra hii hii, hapa Maskati, aliyesomea Italia kutengeneza picha za kale zilizoharibika — nani mwingine? Nimemhadithia jirani, Bi Shaikha, mpaka kaniambia, "Nshasikia, mama Nouf, nshasikia!"

Picha yenyewe ndogo kama yai. Afisa wa jeshi wa Kizungu, wa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Koti jekundu, vifungo vya dhahabu. Uso wa kijana, nywele nyeupe pee! Maskini, kaona nini huko vitani? Nouf kacheka: Wazungu wa zama hizo wakijipaka unga makusudi. Unga! Kichwani!

Mwenyewe picha ni Bwana Hatem. Akiridhika, Nouf atapewa sanduku zima la picha alizoachiwa Bwana Hatem na bibi yake. Kazi ya mwaka, inshallah.

Jumanne, 14 Januari
Nouf kenda madukani, mtaa wa Ghala, kutafuta gundi. Mie nafuta vumbi mezani pake. Kifuniko cha nyuma ya picha ki wazi — yallah, nywele! Za mtu, zimesukwa, rangi ya asali. Nikamwita Bi Shaikha. Kashika mdomo. Nywele haziachwi ovyo, kasema, mchawi akizipata je?

Mie nikamfikiria mamake yule afisa. Wanangu wote, nywele zao za akika, za kunyolewa siku ya saba, nimezifukia kwa mkono wangu. Huyu nani kamfukia zake? Basi nikazifukia chini ya asmini, kwa bismillahi. Moyo ukatulia.

Jumatano, 15 Januari
Nouf kaona. Hakupiga kelele — bora angepiga! Kumbe zile ni za afisa mwenyewe, ndizo ukumbusho: mama au mchumba humkata akazitia humo. Na Bwana Hatem anazijua, kaziulizia hasa. Anakuja alasiri hii.

Tumechuchumaa chini ya asmini, yeye na brashi, mie na chujio la tui. Nami asubuhi nshamwagilia! Tumepata nyuzi tatu, moja ya paka.

Nikamwambia, "Kata zangu, mwanangu, za hina, nani atajua?"

"Mie ntajua, Mama."

Gari limesimama nje. Kanawa, kajitanda mtandio, kanikataza nisitoke. Nimejibanza jikoni naandika. Nnamsikia ukumbini: "Bwana Hatem, kabla hujaketi, nna jambo la kukwambia."

Sauti haikutetemeka hata chembe. Mwanangu huyo!