Niliyemkuta Jidda Akichoma Mishkaki Yako

Riyadh, Jumapili

Mamangu Bi Mwanaisha,

Shikamoo mama. Mguu umepoa? Rukia aliniambia bado unapanda ngazi ukijishika ukutani. Mimi ni mzima, nala, nalala, na gari la huyu kafili wangu, tajiri aliyenileta kazini huku, ninayemwita baba, bado naliendesha mimi. Barua hii naileta kwa mkono wa Salma, anayerudi Mombasa kwa likizo. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe ukishika simu nyumba nzima hutega sikio, na haya nataka uyajue wewe kwanza, peke yako, mlango umeufunga.

Nimemwona Fadhili.

Kaa kitako, nikueleze.

Mwezi uliopita familia ilikwenda Jidda kwa harusi ya mpwa wa madam, mkewe baba, tukafikia mtaa wa Nuzha nyumbani kwa dadake madam. Baba hapendi mikahawa ya kwenye maduka makubwa. Akaniambia, "Omari, zunguka mji huu unitafutie nyama ya kuchoma wanayokula wenyewe. Atakayenipendeza ndiye atakayepika karamu ya wanaume."

Basi siku tatu kazi yangu ikawa kula. Mtaa wa Ruwais nilipata kuku mkavu, nikamwachia paka. Siku ya pili Myemeni mmoja akanipa mbuzi aliyechomwa juu ya mawe ya moto, laini, mwenye chumvi yake, huyo nilimsifu. Siku ya tatu nikashuka kusini, Mahjar, ambako wageni ndio wenyeji. Nikamuuliza mzee mmoja wa Kizanzibari, Ami Seif, ambaye wazazi wake walihamia huku tangu yale ya sitini na nne. Akasema, "Nenda nyuma ya msikiti. Yuko Mmombasa pale, mishkaki yake utajiuma vidole."

Nikaagiza vijiti vinne. Kipande cha kwanza nilipokitia kinywani, mama, nilisimama. Ukwaju, papai bichi, thomu, na ile bizari unayoikaanga kabla ya kuisaga. Mkono wako. Nikainua macho, nikamwona Fadhili, kanenepa, kavaa kofia ya viua, anapepea makaa. Hakunitambua, nilikuwa mtoto wa shule alipokuwa akikuchomea pale Majengo. Nikamuuliza kwa upole, "Nani kakufunza?"

"Mamangu mzazi," akasema. "Kaniachia mkono huu, Mungu amrehemu."

Kakuzika, mama, huku anakula jasho lako! Mtu uliyemtoa kwenye vibarua ukampa jiko, kisha akafungua lake ng'ambo ya barabara na kutangaza kwamba nyama yako ni ya punda. Haikuchukua miezi miwili, benchi lako likawa halikaliwi na mtu. Wewe ukasema, "Mwachie Mungu," ukaenda kufulia watu nguo. Mimi sikuwahi kumwachia. Nilimaliza vijiti vyangu vyote vinne, nikamwambia kesho namletea tajiri.

Ijumaa baada ya sala nikamleta baba na ndugu zake watatu. Mahali palijaa Waswahili, na Ami Seif alikuwamo. Baba alikula mpaka akasahau kuongea, halafu akamwita Fadhili mezani. Kiarabu cha Fadhili ni cha kuombea chumvi tu, kwa hivyo mfasiri nikawa mimi.

"Mwambie nataka apike harusini," baba akasema. "Na muulize kajifunza kwa nani."

Nikamgeukia, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mtu asikie: "Mimi ni Omari, mwana wa Bi Mwanaisha wa Majengo. Mamangu hajafa. Huyu bwana anauliza ulijifunza kwa nani. Punda kwa Kiarabu ni neno moja tu, Fadhili. Nilitamke?"

Akashika ukingo wa meza. "Omari, mwanangu..."

"Mimi si mwanao."

"Nina watoto. Usinivunjie jiko."

"Na mamangu alikuwa na nani, mapaka? Waambie hawa watu."

Akawaambia. Sauti ilikuwa ndogo, nikamwamuru arudie. Akasema mapishi ni yako na wewe u hai. Akasema nyama yako ilikuwa ng'ombe halali, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akienda kuichukua buchani kila asubuhi, na yale ya punda aliyatunga kwa choyo. Ami Seif akatua kijiti chake sahanini, akanawa mikono, akatoka bila kumtazama. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka tukabaki sisi na moshi.

"Kasema nini?" baba akauliza.

Neno lilikuwa ulimini, mama. Ningelitamka, Fadhili angekuwa hana jiko, pengine hana hata ikama, kibali cha kukaa huku. Nikasema, "Harusi haiwezi, baba. Halas. Twende kwa Myemeni." Na karamu akaipika Myemeni.

Usidhani nilimhurumia. Uongo ule wa punda ni wake, sikutaka kula katika sahani yake.

Alinifuata mpaka garini, analia, anaomba namba yako akutake radhi. Nimempa, kwa sharti kwamba hapigi mpaka nimpe ruhusa. Ukiisha kusoma, nitajie siku. Siku hiyo waite wote waliokukimbia, weka simu mezani, ufungue spika, wala usiseme neno mpaka amalize. Kumsamehe au kutomsamehe ni haki yako, siingilii. Mimi sijamsamehe. Niliondoka Jidda nina furaha ambayo najua utanigombeza kwayo, na bado sijaitubia.

Nisalimie dadangu Rukia, mjomba Bakari aliyenifunza kuendesha gari, na shangazi wa Kisauni. Jirani yetu Bi Zuhura, yule aliyetema nyama yako mbele ya wateja, usimpe salamu zangu. Mpe kiti cha mbele.

Nakubusu mikono yote miwili,

Mwanao,
Omari