Plagi Iliyomshinda Baba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, umgawie shemeji, na nyingine umpe huyo mgeni wetu mdogo ambaye bado hatujambeba. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na mtoto ananyonya vizuri. Huku sote tu wazima, isipokuwa kucha zangu. Zimekuwa nyeusi kama za muuza mkaa, na kwa mshonaji hilo si jambo dogo, kama utakavyosikia.

Najua umekasirika. Ujumbe wako wa mwisho ulinichoma: kwamba Baba alikuahidi kuja kukuchukua mwenyewe na gari lake, kwamba umeshafunga mizigo, na kwamba mimi niliye hapa nyumbani nimeshindwa hata kumtafutia fundi. Sikukujibu kwa simu kwa sababu nyumba hii unaijua, ukipiga chafya chumbani unaambiwa pole jikoni. Ndiyo maana nimeandika barua. Ukimaliza kusoma, ichane.

Kilichokwama ni plagi. Gari lina plagi nne, na Baba alipozifungua azisafishe kwa ajili ya safari, tatu hazikuwa na neno. Ya nne, ile ya nyuma kabisa, ilikataa kulegea. Baba alipoilazimisha kidogo tu, ikakatika. Kichwa kilibaki ndani ya spana, shina likabaki ndani ya injini, limejikaza humo kama kupe. Lisipotoka, gari haliendi popote, na ukilitoa vibaya unaharibu injini nzima.

Mimi nikasema tuite fundi. Baba alinigeukia kana kwamba nimemtukana. Amewafundisha kazi nusu ya mafundi wa mji huu, akasema, leo amwite mwanafunzi wake aje kumtolea plagi uani kwake? Akavuta kiti, akakaa kando ya boneti, akaniambia niiname mimi kwa sababu kiuno chake kinamsumbua. Isitoshe, akasema, mtu anayetunga uzi kwenye tundu la sindano hawezi kushindwa na tundu la plagi. Nikaingia kichwa kichwa.

Dada, mimi na ile plagi tumevunjiana heshima. Tulianza kwa kuimwagia mafuta ya taa na kuyaacha yapenye. Hayakupenya popote. Nikachukua waya wenye grisi nchani, nikawa navua vipande vya kauri kimoja kimoja visije vikadondokea ndani. Kisha Baba akaniagiza nipigilie mkia wa tupa ya pembe tatu ndani ya lile shina mpaka ung'ate, niushike kwa spana, nizungushe taratibu. Taratibu, taratibu! Neno hilo nimelichukia. Tupa iliteleza, nikajichuna vidole. Nikapigilia tena, mkia wenyewe ukakatika, ikabidi nikatafute tupa nyingine. Na kila nikisimama kunyoosha mgongo, namkuta jirani yetu mwenye duka ameegemea ukuta, anauliza kama mgonjwa ameshajifungua. Siku hiyo niliacha alama ya vidole vyangu vyote kwenye gauni jeupe la mteja. Mteja akalia, mimi nikalia, na Baba akapaza sauti kutoka uani kuuliza kama nimeshanawa nirudi kazini.

Aliyeniudhi zaidi ni Mama. Wewe unakumbuka kwamba tangu tukiwa watoto yeye ndiye aliyekuwa akimpa Baba spana. Haangalii hata namba, anaijua kwa uzito wake mkononi. Safari hii hakukanyaga uani kabisa. Nikimwita anishikie tochi, ana sufuria jikoni. Nikimwomba ushauri, anasema tuache, gari limezeeka, hata chuma huchoka. Nikadhani tumemchosha kwa kelele zetu, nikanung'unika kimoyomoyo kwamba kila mtu katika nyumba hii ana udhuru isipokuwa mimi.

Juzi asubuhi Baba alipokwenda kuoga, niliirudia peke yangu, tena kwa hasira. Nikamwaga maji ya moto kwenye chuma kuzunguka tundu, nikapigilia tupa, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Chuma kikalia mlio mkali, nikajua nimeua injini. Kumbe kimeachia. Nikazungusha, kikaja chote, hakikubaki kipande. Nilikuwa natia hewa kifuani nipige vigelegele ndipo Mama akatokea. Alikiona kile chuma mkononi mwangu, akanishika kifundo cha mkono, akanivuta nyuma ya tangi la maji, akaanza kulia.

Aliniambia kwamba Baba haoni vizuri tena. Si kiuno, Dada, ni macho. Walipotoka sokoni mara ya mwisho, alimwelekezea gari moja kwa moja mama mmoja aliyekuwa akivuka na beseni kichwani, na ni Mama aliyeuvuta usukani. Baba akasema jua lilimpiga machoni, na siku hiyo ilikuwa ya mawingu. Halafu humo humo njiani akatangaza kwamba atakuja kwako, njia yote hiyo, na kurudi na wewe na mtoto. Mama hakuthubutu kumwambia asiendeshe. Mtu aliyeishi kwa gari utamwambia nini? Alifikiria kung'oa waya, lakini akajua Baba angeugundua kabla chai haijapoa. Basi walipofika nyumbani na Baba akaenda kunawa, Mama alichukua spana ndefu akafanya lile jambo moja ambalo Baba amewafokea wanafunzi wake maisha yake yote wasilifanye. Aliikaza plagi injini ikiwa bado moto, na akaikaza kwa uzito wake wote, akijua Baba hasafiri mbali bila kuzifungua plagi kwanza na kwamba hiyo haitatoka.

Akaniomba niirudishe. Nirudishe vipi kitu kilichonitoa damu? Sikufichi, nilikasirika. Nilimwambia angenieleza mapema nisingeharibu gauni la watu. Lakini kile chuma nilikitia mfukoni.

Baba alipotoka kuoga aliniita chumbani, akanyoosha mkono. Alisema amesikia chuma kikiachia, na mlio huo hata akiwa amelala hawezi kuukosea. Nikampa. Hakukipeleka karibu na macho. Alikipitisha chini ya kidole gumba, hesi baada ya hesi, ile mifuo ya kukazia, mpaka akafika kwenye washa, ile pete inayokaa shingoni mwa plagi, akaikuta imebanwa ikawa nyembamba kama karatasi. Kisha akasema kwamba plagi hiyo ilikazwa injini ikiwa moto, kwa spana ndefu, na kwamba yeye hajawahi kukaza hivyo, nami sijui hata spana ndefu inakaa wapi. Hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba mama yetu hajawahi kumpinga katika jambo lolote la gari, na kama ameogopa mpaka akamchukulia spana yake mwenyewe, basi ameogopa sana. Akanirudishia kile chuma, akaniagiza nikitupe mbali na nyumba, na mtu yeyote akiuliza niseme hakikutoka.

Sasa Mama hajui kwamba Baba anajua, na Baba hataki ajue. Mimi nimekaa katikati yao kama ulimi kwenye meno, na jina la fundi aliyeshindwa nimebeba mimi. Amekubali nimpeleke kwa daktari wa macho, kwa sharti kwamba tuseme tumekwenda kwa ajili ya kiuno. Nimechoka na uongo wa watu wanaopendana, Dada, lakini sioni ukweli utakaowafaa zaidi.

Kwa hiyo njoo kwa basi, nami nitakupokea kituoni. Wakikuuliza, sema wewe mwenyewe ulitaka basi. Usimwangalie Mama kwa jicho la mtu aliyepewa habari. Na usije ukanitetea mbele ya yule mwenye duka.

Jana alipita tena kuulizia. Baba alitoka mpaka mlangoni, yeye ambaye hakuna fundi aliyewahi kumsikia akikubali kushindwa na boliti, akasema kwamba plagi imemshinda. Jirani akacheka. Baba akayarudia maneno hayo, safari hii kwa sauti kubwa zaidi, ameugeuza uso upande wa jikoni.

Msalimie shemeji sana, na mbusu mtoto kwa niaba ya babu yake, ambaye anauliza kila siku kama ameanza kucheka. Mungu awalinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Mshonaji